Mjomba alinikataza kubeba simu

Omo ya mashua ilikuwa imeshaingia majini mjomba aliponinyooshea mkono. Nikadhani anataka nimpokeze nanga. Kumbe anataka simu. Nikampa, naye akampa mkewe, mkewe akaifunga kwenye pindo la khanga na kuelekea nayo nyumbani bila kuuliza, kama mtu aliyekwisha kuambiwa tangu usiku. Mjomba akaiangalia na saa yangu ya mkononi.

"Na hiyo inajua tulipo?"

Inajua. Ni zile saa za kisasa zinazohesabu hatua. Nikaivua, nikamkimbilia mkewe, nikarudi mchangani najiona uchi.

Hii ilikuwa Kunduchi, Dar es Salaam, alfajiri moja ya Novemba. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha na wa kaskazi bado haujashika, bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani. Nilikuwa naenda kuonyeshwa mahali. Mahali penyewe sitapataja humu, na sababu ya kutopataja ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi nachora ramani. Za kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka: barabara, mipaka ya viwanja, mito, nguzo za umeme. Ofisi yetu iko Mikocheni, vyumba vitatu na jenereta linalopiga kelele kuliko kazi linayofanya. Mwezi wa kumi, tukiwa tumemaliza kazi moja na nyingine haijaja, bosi akatupa zoezi la kujinoa. Hakukuwa na mteja wala mradi. Alisema tu: tuseme mtu anataka kusimika baharini mitambo 100 ya umeme wa upepo, popote kati ya Bagamoyo na Mafia. Aiweke wapi?

Nitangulize jambo moja nisije nikapigiwa simu za matumaini. Siamini kwamba mitambo hiyo inakuja kesho. Upepo wetu ni wa wastani, na nguvu ya upepo huenda na mchemraba wa kasi yake: kasi ikishuka nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Ndiyo maana Bahari ya Kaskazini, kule kati ya Uingereza, Denmark na Uholanzi, imejaa mitambo na sisi tuna pangaboi la darini tu. Halafu tuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Tuna gesi ya Songo Songo tangu 2004. Tuna jua, ambalo bado tunaanikia nguo na dagaa zaidi ya chochote. Ila kuna kitu kinanizuia nisilitupe wazo lenyewe: kusi hushika kasi kuanzia Juni hadi Septemba, masika yamepita na mito inashuka. Upepo unaokuja wakati maji ya bwawa yanapungua si wa kudharau. Mgao wa mwishoni mwa 2023 bado nausikia kwenye friji yangu, ambayo haijapona.

Basi nikaingia kazini. Kutafuta mahali pa mitambo baharini ni kuchekecha. Unaanza na bahari yote, kisha unaondoa. La kwanza ni kina. Mitambo inayosimikwa chini huishia kwenye maji ya mita 60 hivi. Zaidi ya hapo unahitaji ya kuelea, iliyofungwa kwa minyororo, kama ile mitano ya Hywind iliyowekwa nje ya Peterhead, Scotland, mwaka 2017. Inafanya kazi, ila ni ghali. Sasa pwani yetu chini ya maji ni kama kibaraza chembamba: unatoka kidogo, panakatika. Kati ya Bara na Pemba kina ni mamia ya mita. Maji mapana yenye kina cha kufaa yako hasa mahali pawili, kati ya Bara na Unguja, na kuizunguka Mafia. Na kila kitu kingine kinayapenda maji hayo hayo.

Nikaondoa njia ya meli za kuingia bandarini. Nikaondoa njia ya boti za Unguja. Nikaondoa laini za umeme zinazotoka Ras Kiromoni, kaskazini tu ya Kunduchi, kwenda Fumba: ya kwanza ililazwa mwaka 1980, ya pili, ya megawati 100, ikafuata 2013. Anayedhani waya wa chini ya bahari ni jambo dogo awaulize Waunguja waliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Mikongo ya intaneti, SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010, nayo nikaitoa pamoja na ukanda wake wa usalama. Mei 2024 ilipopata hitilafu kule Afrika Kusini, huku kwetu kutuma picha ya harusi kuligeuka kazi ya siku nzima. Yakatoka Maeneo Tengefu: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, yaliyotangazwa mwaka 1975. Nikakumbuka hata zile ndege ndogo za Dar na Unguja, ambazo kabla hujamaliza soda rubani anatangaza kutua.

Kisha nafasi. Mapanga ya mtambo mkubwa wa siku hizi yanafagia duara la kipenyo cha mita 220 na zaidi, na ncha ya juu hupita mita 250. Hakuna ghorofa Dar linalofika hapo. Wala mitambo haisimamishwi bega kwa bega, maana wa mbele humlia wa nyuma upepo. Ukiachanisha kwa mara saba ya kipenyo, ni kilomita moja na nusu kati ya mmoja na mwenzake. Piga hesabu: mitambo 100 inataka kama kilomita za mraba 240.

Ikabaki pembe nne moja kwenye maji ya kati, Bara upande huu na Unguja upande ule. Nikaipaka kijani. Ilipendeza, sitaficha. Bosi akaisogelea, akauliza swali moja tu: "Humo ndani yumo nani?"

Nikafungua tabaka za vyombo vya baharini. Patupu.

"Hakuna mtu," nikasema.

Jumapili iliyofuata nikaichapa kwenye karatasi kubwa, nikapanda daladala ya Tegeta, nikashuka Mtongani. Kusema kweli nilikwenda kujionyesha. Mjomba amevua tangu kabla sijazaliwa. Nilitaka aone kwamba na mimi nimefika baharini, ingawa kwa kiyoyozi. Baada ya shikamoo na sahani ya wali na changu, nikaitandika juu ya mkeka.

Hakucheka, wala hakukasirika. Aliigeuza kwanza, kwa sababu kwake juu ya ramani ni kule kusi inakotoka. Kisha akaanza kuuliza. Hiyo minara usiku ina taa? Ina taa. Nikikatikiwa na injini naweza kufunga kamba pale? Sikujua nimjibu nini. Jarife langu likinasa kwenye nguzo, nani analipa? Nikanyamaza. Akaweka kidole katikati ya kijani changu, akakiacha hapo muda mrefu, akakiondoa.

"Hapa mmesema hakuna mtu."

"Kompyuta ndiyo imesema, mjomba."

"Hiyo kompyuta imeambiwa na nani?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, na jibu lake likanitia aibu. Vyombo nilivyoviona kwenye tabaka zangu ni vile vinavyobeba kifaa cha kujitangaza. Kwa sheria za kimataifa kifaa hicho ni cha lazima kwa meli za abiria, na kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri nchi hadi nchi. Mashua ya mjomba ina mita saba na injini ndogo ya kukopa. Haijitangazi kwa mtu yeyote isipokuwa kwa moshi. Na si yeye peke yake: mangalawa yote ya Kunduchi, mashua za Msasani, madau ya Kigamboni yanayoshusha samaki Feri kila asubuhi, yote kwa kompyuta yangu ni maji matupu. Nilikuwa nimechora ramani ya wenye vifaa, nikaipa jina la ramani ya bahari.

Nikajifariji kwamba Ulaya wamelimaliza tatizo hilo. Wapi. Kule, kifaa cha kufuatilia vyombo vya uvuvi kwa satelaiti kimekuwa cha lazima kwa vile vya mita 12 na kuendelea, na kwa miaka mingi mvuvi wa chombo kidogo hakuonekana kwenye picha hizo. Mipango ya mitambo ya upepo ikachorwa juu ya picha hizo hizo.

Nilisoma mengi wiki ile, mengine ya kuchosha. Nichukue machache. Denmark walitangulia mwaka 1991 na mitambo 11 ya Vindeby, jumla ya megawati tano hivi, wakaing'oa 2017 ikiwa imezeeka. Mradi ninaoupenda zaidi ni ule wa Middelgrunden, mbele ya jiji la Copenhagen, uliokamilika mwaka 2000. Mchoro wa kwanza ulikuwa mitambo 27 katika mistari mitatu. Watu wakaitwa, wakasema, na mchoro ukarudi ukiwa mitambo 20 katika upinde mmoja. Nusu yake ikamilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Na mahali penyewe palikuwa kwa miaka mingi jalala la tope la bandari. Waliweka mitambo penye takataka zao wenyewe.

Uingereza wana kisa kingine. London Array, kwenye mlango wa mto Thames, ilikamilika 2013 ikiwa na mitambo 175, megawati 630. Awamu ya pili ilikuwa tayari kwenye karatasi. Mwaka 2014 ikaachwa, na mmoja wa walioiangusha ni ndege wa majini mwenye koo jekundu ambaye hukaa hapo wakati wa baridi. Shida ya ndege huyu hata si kugongwa na mapanga. Yeye anaiona minara na kukaa mbali nayo, basi, na mahali pake pa kula panapungua bila maiti hata moja ya kuhesabu. Kukusanya takwimu za kuthibitisha madhara yake kungechukua miaka, na wenye fedha hawakutaka kusubiri.

Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini. Mjomba ni ndege huyo. Hakuna mtambo utakaomgonga. Atakaa mbali tu, kwa sababu ya jarife lake na kwa sababu hakuna aliyemjibu kuhusu kamba. Ubelgiji wavuvi hawaruhusiwi kabisa kuingia kwenye eneo la mitambo. Uingereza sheria inawaruhusu, lakini wengi wa nyavu za kukokota hawaingii, wanaogopa kunasa. Ukienda kuhesabu hasara utaambiwa hakuna aliyefukuzwa.

Na tusiende mbali. Kenya wana mitambo 365 ya Ziwa Turkana, megawati 310, kwenye nchi kavu. Mitambo ilimaliza kusimama 2017, ikakaa ikingoja laini ya kusafirisha umeme hadi Septemba 2018. Na mwaka 2021 mahakama ya ardhi na mazingira ya Meru ikasema hati za ardhi ile zilipatikana bila kufuata utaratibu, rufaa zikafuata. Pale palikuwa na wafugaji wanaohama. Mtu anayehama naye ramani humwona mtupu: leo hayupo, basi ikaandikwa hayupo siku zote.

Kwetu sheria haijalala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile tunayoijua, ya mradi mmoja mahali pamoja. Lakini ina pia tathmini ya kimkakati, ya mipango na sera, kabla hata mahali hapajachaguliwa. Hiyo ya pili ndiyo ya kukimbilia, kwa maoni yangu, kwa sababu ile ya kwanza huja pembe nne ikiwa imeshapakwa rangi, na kazi yake inakuwa kutafuta namna ya kuihalalisha. Nayajua haya, nimeshachora ramani za kuhalalisha, na malipo yake ni mazuri. Kuna na fundo lingine: maji ya kati ni ya nani? Upande huu kuna NEMC, wasimamizi wa mazingira wa Bara, upande ule ZEMA, wenzao wa Zanzibar, na nguru haonyeshi pasipoti. Ubelgiji, wenye ufuko wa kilomita 65 hivi tu, waliigawa bahari yao yote kwa amri moja mwaka 2014 na kuipitia upya 2020. Sisi tuna pwani mara nyingi ya hiyo na bado tunapanga viwanja vya Goba.

Nikarudi Kunduchi na karatasi nyeupe, kalamu za rangi na unyenyekevu. Nikamwambia mjomba: nionyeshe mnakovua, niweke kwenye ramani, ili siku wakija mpo.

Akakataa.

Hili sikulitegemea. Nilidhani tatizo ni mimi kutouliza. Akaniambia kisa. Miaka ya nyuma walikuja vijana wa mradi fulani, wapole, na madaftari. Waligawa fulana na soda. Wazee wakawaonyesha miamba yote, hata ile waliyoachiwa na baba zao. Mwaka uliofuata wakaja wazamiaji wa majongoo bahari, watu wa mbali kabisa, wakashukia pale pale kana kwamba wamezaliwa hapo. "Fulana zilichakaa," alisema, "wazamiaji hawakuchakaa."

Mahali pa mvuvi ni mtaji wake. Hana hati, hana uzio. Kinachopalinda ni kwamba wengine hawapajui. Ukipaandika ili pahesabiwe, umepafungua. Usipopaandika, patapakwa kijani. Nimesoma ripoti nyingi zinazosema jamii ishirikishwe, na hakuna hata moja iliyoniambia nifanye nini na mtu ambaye kushirikishwa kwenyewe kunamwibia.

Siku tatu baadaye akanitumia ujumbe kwa mkewe: nije, tutatoka.

Kwa hiyo tuko baharini, sina simu wala saa. Mbudya imebaki nyuma. Mjomba hatazami mbele, anatazama nchi kavu. Babake alitumia mbuyu mmoja na kundi la minazi. Mbuyu ulikatwa, pakaja hoteli. Yeye anatumia maghorofa. Jengo mojawapo refu la mjini linapochomoza nyuma ya kisiwa, ukiliona kwa upana wa vidole viwili, unakata injini. Hiyo ni alama ya kwanza. Ya pili niliiona na sitaisema. Pale mistari miwili inapokutana akashusha mshipi, chubwi likizama, akihesabu pima kwa mikono iliyonyooshwa. Kumi na nne. Akauweka uzi juu ya kidole cha shahada, akafumba macho kidogo.

"Mchanga. Bado."

Tukasogea kama urefu wa mashua tatu. Akashusha tena. Safari hii hata mimi aliponipa uzi nilihisi: tok, tok, chubwi likiruka juu ya kitu kigumu. Mwamba huo hauzidi uwanja wa mpira wa shule. Kwenye data zangu za kina, ambazo kila nukta yake ni mamia ya mita, haupo. Saa moja baadaye tulikuwa na changu tisa na chewa mmoja aliyenikata mkono.

Hapo ndipo aliposema lililokuwa moyoni mwake kuhusu minara, na halikuwa nililotarajia.

"Ile mitambo yako mia. Mirefu, inaonekana toka wapi?"

"Hata toka Kunduchi, siku nyeupe."

"Imepangwa mistari?"

"Imepangwa."

"Basi kila mtoto atakuwa na alama. Minara mia imepanga foleni baharini, unahitaji nini tena? Atafunga mnara wa sita na wa kumi, amefika hapa." Akatema mate majini. "Sisi tulichukua miaka arobaini."

Nimehudhuria semina kuhusu mitambo ya upepo, nimesikia habari za ndege, kelele, matumbawe, mandhari ya watalii. Hili sijalisikia popote.

Tukirudi tulizungumza misimu, na nikagundua kosa la pili la ramani yangu, kubwa pengine kuliko la kwanza. Siku za kusi kali, vyombo vidogo havifiki kwenye kijani changu. Hukaa ndani, nyuma ya visiwa. Anayehesabu siku hizo atakuta kweli hapana mtu. Ni kuanzia matlai, kusi inapoisha, na kaskazi yote, ndipo wanapotoka kwa wingi. Bahari yetu inataka ramani mbili, ya kusi na ya kaskazi, na pengine ya tatu ya demani, msimu wa kati.

Sasa weka hilo kwenye ratiba ya ujenzi. Nguzo hupigwa chini kwa nyundo kubwa, na sauti yake majini huenda mbali. Wajerumani waliweka kikomo, desibeli 160 kwa umbali wa mita 750, kwa ajili ya aina moja ya pomboo wadogo wa huko, na wajenzi wakabuni kuizungushia nguzo pazia la viputo vya hewa ili kupunguza sauti. Sawa. Lakini mjenzi naye anataka bahari tulivu. Bahari tulivu kwetu ni miezi ile ile mjomba anayotoka, na ni wakati ambao papa potwe wako Mafia, kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi. Ukisema ujenge wakati wa kusi, kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi wanapita na watoto wao, na mawimbi yatakutoa meno. Ndege wa Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo cha peke yake kusini mashariki ya Unguja wanakotaga kwa maelfu, sijui kama wana mwezi wa likizo. Sikupata mwezi mtupu kwenye kalenda, kama nilivyokosa maji matupu.

Tulichokubaliana na mjomba ni hiki. Nimeigawa bahari kwa miraba ya kilomita tano kwa tano. Mvuvi haweki nukta. Anasema tu kama huwa anafika mraba ule, na msimu gani. Mraba wa ukubwa huo unaficha miamba mingi, na anayetaka kuiba atafute mwenyewe kwa chubwi. Mjomba aliponiona nachora akasema ongeza, iwe mikubwa zaidi. Tukabishana. Miraba ikiwa mikubwa mno, mpangaji atasema bahari yote ni yenu na hatasikiliza. Ikiwa midogo, wazamiaji wanafika. Tukaishia hapo kwenye tano, yeye akinung'unika. Karatasi inabaki kwake, juu ya kabati, na mimi nabeba hesabu ya watu tu, bila majina.

Hadi leo wavuvi kumi na mmoja wameshaijaza. Kwenye pembe nne yangu ya kijani, wakati wa kaskazi, hakuna mraba usio na mtu. Wakati wa kusi ipo mitatu. Bosi aliitazama akanyamaza, kisha akauliza kama naweza kuifanya kijani kidogo zaidi. Nikamwambia inawezekana, lakini kwanza tujibu habari ya kamba: chombo kilichokatikiwa na injini kiruhusiwe kufunga, au kisiruhusiwe? Aliandika. Sijui kama alikuwa anaandika hilo.

Nilidhani nimemaliza. Nikamwonyesha mke wa mjomba, kwa heshima tu, maana simu yangu ililala kwake. Yeye hakugusa bahari kuu hata kidogo. Alifuata ule mstari mwekundu nilioupitisha kutoka kwenye mitambo hadi ufukoni, waya wa kuleta umeme nchi kavu. Akauliza unatokea wapi. Nikamwonyesha. Akasema pale ndipo wanawake wanapochokoa pweza na kuokota chaza maji yakikupwa. Hawana mashua. Hawana hata ngalawa. Wanakwenda kwa miguu, na ndoo.

Tabaka lao kwenye kompyuta yangu halina hata jina. Amenipa jina la mama mmoja wa huko, mkubwa wao, akanionya kwamba haongei na mtu mwenye simu. Bamvua inayofuata inaangukia Jumanne, maji yatakupwa saa nne asubuhi. Kwenye fomu ya ruhusa, penye sababu, nimeandika kazi za nje. Bosi akauliza nje wapi. Nimemwambia mwambani, na kwamba sitapatikana kwa simu.